Mlango wa Nyuma, Upande wa Kulia

Waliokuwepo uani siku turubai lilipovuliwa walikuwa hawa. Mzee mwenyewe, aliyeandaliwa zawadi, ameketi kwenye kiti cha mikono kilichotolewa sebuleni kwa ajili yake. Binti yake mkubwa, muuguzi, ambaye nyumbani mle aliitwa Dada na kila mtu, hata na baba yake, amesimama nyuma ya kiti na mkono mmoja begani mwa Mzee. Mtoto wake wa pili na wa mwisho, Wakili, ndiye aliyeshika ncha ya turubai. Mke wa Wakili. Baba mkwe wa Wakili, jaji mstaafu, mwenye fimbo ambayo miguu yake haikuihitaji. Mkuu wa ofisi ya uwakili ambamo Wakili alifanya kazi. Fundi gari aitwaye Spana, aliyevaa shati jeupe lililomkaa kama la kuazima. Na jirani wa ukuta wa pamoja, mwanamke mwema ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa habari ikishamfikia haikuhitaji mtangazaji mwingine.

Hakukuwa na mtu mwingine. Jambo hilo lafaa likumbukwe, kwa sababu baadaye mke wa Wakili alishikilia kwamba, watu walipokuwa wakipiga makofi, alisikia makofi mengine chini ya yale ya wageni, ya polepole, kama ya mtu aliyevaa glavu, na kwamba yalitoka ndani ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa refu, jeusi, la milango minne, la enzi ambazo bampa lilikuwa chuma kitupu na usukani ulikuwa mpana kama sinia. Wakili alilikuta ndani ya banda la marehemu mmoja aliyekuwa na mali nyingi, limelala juu ya mawe bila magurudumu, kuku wakitaga juu ya boneti. Warithi walimwuzia upesi. Lilipovishwa magurudumu ya kuazima, mmoja wao alisaidia hata kulisukuma mpaka nje, akilisukuma kwa bega, mikono ameirudisha kifuani, na Wakili alidhani kijana wa watu anaogopa kuchafua vidole.

Spana alilifumua lote. Aling'oa injini, akachomelea sakafu iliyoliwa na kutu, akapaka pati kuziba mashimo, akapiga msasa wa maji mpaka vidole vikamkunjamana, kisha akapiga rangi tabaka juu ya tabaka. Kilichomshinda ni kiti cha nyuma. Fundi wa viti alikipa sponji mpya na ngozi mpya, akaivuta ikakaza kama ngoma. Asubuhi yake upande wa kulia ulikuwa umebonyea, kama kwamba mtu ameinuka hapo sasa hivi. Alikifumua, akakishona upya, kikabonyea upya. Mwishowe alikusanya sindano zake akaondoka bila kuaga, na hakurudi hata kuufuata mkasi wake.

"Ni springi tu hizo, bosi," Spana alimwambia Wakili. "Gari la zamani lina maringo, kama mjomba aliyekataa kuoa. Likikuzoea litatulia."

Wakili alicheka. Hakumwambia Spana, wala hakumwambia mtu yeyote, kwamba alilijua gari lile tangu utotoni. Yeye na Dada walikuwa wakisimama kando ya barabara kulisubiri lipite, kwa sababu aliyeshika usukani wake alikuwa baba yao. Mzee alikuwa dereva wa yule marehemu, ambaye watumishi wake wote walimwita Tajiri. Alilisugua gari lile mpaka akajiona kwenye rangi yake, alilala ndani yake akisubiri mikutano ya watu iishe, na hakuwahi kuwapakia watoto wake hata mpaka kona ya kwanza. Wakili mdogo alijiapia moyoni kwamba ipo siku. Siku hiyo sasa ilikuwa imefika, jua likiwa la saa nne, na rangi nyeusi ikimeta mpaka ikaumiza macho.

"Mkwe wangu," Baba mkwe alisema, akilizunguka gari taratibu, "hiki si chombo cha mchezo. Nilipokuwa kijana, wenye magari ya namna hii ulikuwa ukiwapisha njia. Naona Mzee analitazama kama analijua. Ana historia nalo?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa jepesi vilevile. Lakini Wakili alimwona Mkuu amegeuza shingo asikilize. Alimwona mkewe akitabasamu kwa fahari. Alimwona Redio amenyamaza kimya, jambo lisilo la kawaida yake.

"Lilikuwa lake," alisema. "Hili hili. Mali yake mwenyewe, enzi za biashara zake. Lilimtoka mikononi, nami nimelirudisha kwa mwenyewe."

Makofi yakaanza tena. Mkuu alimwendea Mzee, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hongera sana, Mzee. Kumbe tunakaa na watu wakubwa hatuwajui!"

Mzee alimtazama mwanawe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetafuta miwani yake mahali alipoiacha na asiione. Kisha akamjibu Mkuu, "Asante, bwana," akapokea ufunguo, akainuka.

Hakuenda kwenye usukani. Alizunguka mpaka mlango wa nyuma wa upande wa kulia, akaufuta mkono wa mlango kwa kiwiko cha shati lake, akaushika, akasimama wima, visigino pamoja. Wote walisubiri aufungue. Midomo yake ilikuwa imeanza kusema kitu. Kisha akamtupia mwanawe jicho mara nyingine, akauachia mlango, akarudi nyuma.

"Baba anaona haya kukaa nyuma kama bwana harusi," alisema mke wa Wakili, na watu wakacheka.

Ndipo ilipokuja ile harufu, harufu ya maua yaliyosahauliwa ndani ya maji mpaka maji yakaoza. Na ndani ya gari, kwenye mgongo wa kiti cha dereva, kitu kiligonga mara moja tu. *Ko.*

"Chuma kinapoa," alisema Spana, ingawa gari lilikuwa halijawashwa.

*

Tangu siku ile Mzee alianza kupungua. Hakuwa na homa wala kikohozi. Kola ya shati ilimwachia nafasi, saa ya mkononi ikaanza kumteremkia mpaka kwenye kiganja, na sauti ikawa kama ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Gari lilikaa bandani pale uani bila kuguswa, na hata hivyo mke wa Wakili, akipita asubuhi kwenda kuanika nguo, aliweka mkono kwenye boneti akaikuta ya moto.

Dada alivumilia mpaka alipochoka kuvumilia. Wakili alikuwa amerudi nyumbani mchana kula, akamkuta jikoni amesimama kando ya sinki, bomba linatiririka na chombo cha kuosha hakipo.

"Funga mlango, mdogo wangu."

"Kuna nini?"

"Funga kwanza." Alingoja mpaka kitasa kikalia. "Baba hayuko peke yake."

"Yuko na nani? Redio kaja?"

"Usinifanyie mzaha. Akikaa kwenye kochi, mto wa kando yake unabonyea. Akihama kiti, kinabonyea kiti cha jirani. Nimemwekea chai, akaniambia, 'Weka na kikombe kingine, Dada, si adabu.' Leo asubuhi natandika kitanda nikamsikia anajibu, 'Naam, bwana. Ndiyo, bwana. Tuko njiani, bwana.' Anamjibu nani?"

"Uzee huo, Dada. Wewe ni muuguzi, unajua."

"Ndiyo, ni muuguzi," alisema Dada, sauti ikishuka mpaka ikawa pumzi. "Mzee anayezeeka namjua, na mzee anayenyonywa namjua pia. Nenda ukamwangalie. Nenda na macho yako yote, si yale ya mahakamani."

Wakili alikwenda. Mzee alikuwa barazani, kwenye kochi la watu wawili, mchana kweupe, nguo zikipepea kwenye kamba, na kwa Redio mtu akitwanga. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa, mabega ameyakunja, kama abiria anayempisha mwenzake. Wakili alisema shikamoo, akaitikiwa kwa sauti ndogo, na alipotaka kuketi pale penye nafasi, kwa sababu palikuwa na nafasi ya kutosha na kwa sababu hakutaka Dada, aliyekuwa akichungulia dirishani, amwone anasita, aliona ule mto mtupu ukitoa pumzi kama mto wowote ukaliwapo na mtu mzito, ukazama katikati, ukatulia, kisha ukazama tena kidogo upande wake, kama kwamba aliyekuwa juu yake amegeuka ili amtazame vizuri, na harufu ya maji ya maua yaliyooza ikamjaa puani, kooni, mpaka chini ya ulimi, akabaki ameinama nusu, hajaketi wala hajasimama.

"Usikae hapo, mwanangu," alisema Mzee kwa upole. "Pana mtu."

*

Walimpeleka Mzee chumbani kwake, kitandani, mahali pasipo na kiti. Hapo alipata kusema. Alisema huku akitazama miguu yake, na Dada akimsugua mikono.

"Tajiri alimpata wapi sijui. Dereva haulizi. Mimi nilipewa kazi, nikaifanya. Namfungulia Tajiri mlango wa kushoto, anaingia, nafunga. Halafu nazunguka, nafungua wa kulia. Hapana mtu. Nangoja. Kiti kikibonyea, nafunga. Tukifika, hivyo hivyo. Nilifungua mlango ule kila siku ya kazi yangu, na sikuwahi kuona uso."

"Na kugonga?" aliuliza Dada.

"Mara moja ni twende. Mara mbili ni simama. Watu walidhani ni Tajiri anayenigongea mgongoni." Mzee alitikisa kichwa. "Tajiri alikaa kushoto. Anayenigongea alikaa nyuma yangu mimi."

Wakili aliketi sakafuni.

"Yule hakai na dereva," Mzee aliendelea. "Hakai na mpita njia. Anakaa na mwenye gari. Anampa anachompa, na anamla kidogo kidogo. Tajiri alikuja kwangu na tumbo lake; alipokufa nilimwinua peke yangu kama nguo. Alifia humo humo, kiti cha kushoto. Wakamtoa kushoto. Wa kulia hakuna aliyeufungua, hata mimi. Niliweka kofia yangu kwapani nikaenda nyumbani kwa miguu."

"Kwa hiyo alibaki ndani," alisema Dada.

"Alibaki akingoja afunguliwe. Siku ile ulipovua turubai nilimjua kwa kile kiti. Nikasema, alhamdulillahi, leo nitammaliza. Nilishashika mlango nimwambie: mwenye gari amekufa, shuka uende zako." Kidole chake kilifuata mshono wa shuka. "Lakini ulishasema gari ni langu. Mbele ya watu. Sasa nimwambie mwenye gari amekufa, na mwenye gari ni mimi?"

Nje, Redio aliacha kutwanga. Wakili aliyasikia masikio yake yakiwaka moto.

"Baba, nilisema tu... Nilitaka wakuheshimu."

"Najua."

"Sikuwa na nia mbaya."

"Najua, mwanangu." Kisha akasema bila kumtazama, kama mtu anayeomba kitu kidogo na tayari ameshajuta kukiomba: "Nilikuwa dereva mzuri. Sikugonga hata kuku. Hilo nalo halikufaa kuwaambia?"

Wakili alitamani ardhi ipasuke immeze. Dada hakumwangalia, na kutoangaliwa kule kulimchoma zaidi.

*

Mganga aliyeletwa na Dada alikuwa fundi wa kushona nguo. Watu walimwita Mama Cherehani, na alifika na futi yake ya kupimia shingoni, kwa kuwa alikuwa ameacha gauni la mtu mezani na alitaka kurudi kulimaliza. Hakuwa na vibuyu wala mikia ya wanyama. Aliingia chumbani kwa Mzee akaketi sakafuni, akamshika kifundo cha mkono muda mrefu. Kisha alikwenda bandani, akalizunguka gari, akaweka sikio kwenye mlango wa nyuma wa kulia. Alipoliondoa, shavu lake lilikuwa na unyevu, na alilifuta kwa ncha ya khanga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Amekaribishwa. Nani alimtangaza Mzee kuwa ndiye mwenye mali?"

Dada alitazama chini. Mke wa Wakili, ambaye hakuwa amejua lolote mpaka asubuhi ile, alimtazama mumewe.

"Mimi," alisema Wakili.

"Mbele ya nani?"

Akawataja.

"Basi waite. Hao hao, asipungue mtu, asiongezeke mtu. Simameni mlivyosimama. Kinywa kile kile kiseme baba yako alikuwa nani katika gari hili na mwenyewe alikuwa nani, na kwamba amekufa. Ukishasema, ufungue huu mlango wa kulia wewe mwenyewe, kwa adabu, kama baba yako alivyokuwa akifanya, umwambie ashuke. Atashuka. Hana pa kukaa pasipo na mwenyewe."

"Mimi nikisema?" aliuliza Dada. "Mimi sioni haya. Nitapanda hata juu ya boneti."

"Hukusema wewe, mwanangu. Nguo hufumuliwa pale iliposhonwa."

"Na kama..." Wakili alikohoa. "Kama nikiyasema hapa hapa, tukiwa sisi kwa sisi?"

Mama Cherehani alimtazama kama anayempima mabega. "Ulidanganya mkiwa ninyi kwa ninyi?"

Wakili aligeuka akatazama gari.

"Fanya upesi," alisema mganga. "Mzee wako amebaki pindo."

Siku hiyo, jua likielekea kutua, mke wa Wakili alimkuta mumewe ameketi ukingoni mwa beseni la bafu, mlango umeegeshwa.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Ulidhani ningekukimbia kwa sababu ya kofia ya udereva?"

"Baba yako..."

"Baba yangu babu yake alikuwa mpagazi. Hasemi, lakini alikuwa mpagazi." Alimgusa bega. "Sema tu. Maneno machache. Wewe unalipwa kwa kusema."

*

Gari likasukumwa tena mpaka uani, wakaja wote. Waliambiwa ni soda na maongezi, wakaja na vicheko. Baba mkwe alisimama palepale kando ya taa ya mbele. Redio alisimama karibu na ukuta wake. Spana alikuja na shati lile lile jeupe, sasa lina doa la grisi mfukoni, akasimama nyuma ya buti. Mama Cherehani alibaki nje ya geti, ili asiongeze idadi. Mzee alibebwa na Spana na Dada, kiti na yeye juu yake, na Spana baadaye alisema kwamba kiti kilikuwa chepesi kikiwa na mtu kuliko kilivyokuwa kitupu.

Mzee alikuwa amevaa kofia. Ilikuwa kofia nyeusi yenye ukingo mgumu wa ngozi, ya udereva, aliyoitunza chini ya godoro, na Dada alikuwa ameipiga brashi. Chini yake uso ulikuwa mdogo kama wa mtoto aliyevaa kofia ya baba yake.

"Alaa!" alisema Baba mkwe kwa furaha. "Kofia ya nahodha hiyo, Mzee? Ulikuwa na meli pia?"

Watu walicheka, na Mzee naye akatabasamu. Njia ilikuwa wazi kama barabara ya asubuhi. Hata kujitahidi hakukuhitajika. Wakili alifungua kinywa.

"Kabla mwenzetu hajasema," Mkuu aliinua chupa yake, "niruhusuni. Nilipotoka hapa siku ile niliwasimulia wenzangu wa ofisini. Nikawaambia, kumbe kijana wetu ametoka nyumba ya watu. Nasi tumekubaliana. Kibao cha ofisi kinaandikwa upya, na jina lake litakaa chini ya langu. Mzee, nakupongeza wewe kwanza, maana tunda hujulikana kwa mti wake."

Redio alipiga kigelegele. Baba mkwe aligonga fimbo chini. Wakili aliwaona wote wakimtazama kwa nyuso zilizochangamka, nyuso nzuri za watu wasiomtakia baya lolote, na chini ya vigelegele na vicheko na mlio wa chupa zikigongana alisikia ndani ya gari yale makofi mengine, ya polepole, ya glavu, yakiendelea baada ya ya watu kukoma, na harufu ikapanda kutoka chini ya milango ikamzunguka miguu, na akajua kwa hakika kwamba maneno aliyotakiwa kuyasema yalikuwa manne au matano tu na kwamba baba yake alikuwa akiyangoja ameshika mikono ya kiti, kofia imemteremka mpaka kwenye nyusi, akimtazama bila kumdai, na akajua pia, kabla hajatoa sauti, kwamba hatayasema.

"Nimewaita," alisema Wakili, "kuwashukuru."

Hakuna aliyeona kosa. Mkewe peke yake ndiye aliyegeuza uso akatazama ukuta. Nje ya geti, Mama Cherehani alivua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka.

Dada alipiga hatua moja mbele, kinywa kimefunguka. Mzee alimshika mkono.

"Nirudishe ndani, Dada," alimwambia. "Usimsumbue mdogo wako. Ana wageni."

Akavua kofia mwenyewe, akaiweka mapajani, na Spana na Dada wakakiinua kiti.

*

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu. Wakili aliwasindikiza mpaka getini, akapeana mikono na kila mmoja, akacheka palipotakiwa kucheka. Geti lilipofungwa alikimbia. Alikimbia kwenye gari, akaushika mlango wa nyuma wa kulia, akasimama wima, visigino pamoja, na machozi yakimtoka akasema kwa sauti kubwa, sauti ambayo ingetosha kusikika barabarani kama barabarani kungekuwa na mtu:

"Baba yangu alikuwa dereva! Alikuwa dereva wa gari hili. Mwenye gari alikuwa Tajiri, na Tajiri amekufa. Tafadhali shuka, bwana. Safari imekwisha."

Akaufungua.

Ndani hamkuwa na harufu ila ya ngozi mpya. Upande wa kulia wa kiti ulikuwa umekaza kama ngoma, hauna bonyeo hata la kidole. Wakili aliweka kiganja juu yake. Palikuwa baridi. Alianza kucheka na kulia kwa pamoja, kwa kuona kwamba jambo limekubali hivyo hivyo, kwa bei nafuu, bila shahidi. Na katikati ya kicheko aliona haya kwa kufurahi kwake, akauondoa mkono.

Ndipo akatazama upande wa kushoto, upande wa mwenye gari. Palikuwa pamebonyea kidogo, bonyeo jepesi la mtu asiye na uzito, na juu ya ngozi ilikuwapo ile kofia nyeusi.

Kutoka chumbani kwa Mzee, kwenye mbao za kitanda, kitu kiligonga mara moja, ile ya twende.

Dada alitoka barazani. Hakupiga kelele. Alishuka ngazi, akaja mpaka pale penye mlango uliokuwa wazi, akaiona kofia kwenye kiti, asiiguse.

Mzee alikuwa amefariki.